Fausto Coppi Hakuwa Peke Yake

Ndugu zangu waendesha baiskeli, makocha, na wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja na vijana wenu, habari za jioni.

Nimepewa ruhusa ya kumzungumzia bingwa yeyote wa mbio za baiskeli ninayemtaka, nami nimemchagua Mwitaliano Fausto Coppi. Najua vijana wengi hapa mngependa zaidi habari za Tadej Pogačar, hasa baada ya kumwona akitwaa ubingwa wa dunia Kigali mwaka 2025. Lakini Coppi ana haki yake ya kuzungumziwa mbele yenu. Aliuawa na malaria. Mbu aliyemuuma alikuwa wa Afrika, na ugonjwa uliomwondoa ni uleule ambao kila aliyeketi hapa ama ameshaugua, ama amemuuguza mtu nyumbani kwake.

Tarehe 10 Juni 1949, mtangazaji wa redio ya Italia, Mario Ferretti, alifungua matangazo ya mbio kwa maneno ambayo Waitaliano hadi leo wanayakumbuka neno kwa neno. Alisema: mtu mmoja yuko mbele peke yake, jezi yake ni nyeupe na samawati, jina lake ni Fausto Coppi. Ni maneno mazuri, na kwa siku ile yalikuwa kweli tupu. Ubaya wake ni kwamba yamemfunika mwenye jina. Anapotajwa Coppi, watu wanamwona yule wa mlimani, nyuma yake barabara tupu, mbele yake theluji. Mimi nikiyatazama maisha yake naona jambo jingine kabisa. Ni shida kumpata bingwa aliyebebwa na watu wengi kama yeye. Na alipokufa, alikufa kwa sababu ujumbe kutoka upande wa mmoja wa watu hao haukusikilizwa. Hayo mawili ndiyo yaliyonileta hapa jioni hii.

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, juu vilimani, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Wazazi wake, Domenico na Angiolina, walikuwa wakulima. Yeye alikuwa wa nne katika watoto watano. Kitinda mimba alikuwa Serse, na huyo Serse mshikeni, nitamrudia. Fausto alikuwa mtoto dhaifu, mwembamba, miguu mirefu, mifupa isiyokawia kuvunjika, na katika maisha yake ya mbio ilivunjika mara nyingi mno. Alikuwa akitoroka darasani kwenda kuendesha baiskeli kuukuu iliyokuwa nyumbani, mpaka mwalimu akamwadhibu aandike mara mia moja kwamba mahali pake ni shuleni, si juu ya baiskeli. Alipofika miaka 13 aliiacha shule yenyewe, akashuka mji wa Novi Ligure kufanya kazi kwa mwenye bucha. Kazi yake ilikuwa kupeleka nyama kwa wateja, kwa baiskeli. Vijana mnaobeba maziwa, mkaa na abiria kwa baiskeli, sina haja ya kuwaeleza miguu inavyojengwa na kazi kama hiyo.

Baiskeli yake ya kwanza ya maana ilitokana na fedha za baba yake na ami yake, aliyekuwa ofisa katika meli za biashara. Kwa hiyo hata chombo chenyewe cha kuanzia alichangiwa.

Hapo Novi Ligure ndipo alipokutana na mtu ambaye, kwa maoni yangu, anastahili nusu ya sifa zote: Biagio Cavanna. Cavanna alikuwa mchuaji misuli, zamani aliwahi kupigana ndondi, na alikuwa kipofu. Kabla ya hapo alikuwa amemhudumia Costante Girardengo, bingwa mkubwa wa mji uleule, aliyeshinda mara mbili Giro d'Italia, yaani mbio kubwa za kuizunguka Italia, zinazokwenda hatua moja kwa siku. Sasa mfikirieni mzee huyu: hamwoni kijana, hajui sura yake, haoni anavyokaa kwenye kiti wala anavyokanyaga pedali. Anamlaza mezani, anapitisha vidole kwenye mapaja, mgongo, mbavu, anasikiliza pumzi na mapigo ya moyo. Kwa vidole hivyo alitambua kile ambacho wenye macho wote hawakukiona kwa yule mpeleka nyama mwembamba. Alimfundisha kula, kulala, kujizuia. Akalipeleka jina lake mpaka kwa Eberardo Pavesi, mkuu wa timu ya Legnano, na mwaka 1940 Coppi akaingia kwenye Giro akiwa na miaka 20.

Aliingia kama msaidizi, na hapa inabidi nieleze kidogo kwa ajili ya wazazi ambao mchezo huu ni mgeni kwenu. Katika mbio za barabarani anayetangulia ndiye anayepasua upepo. Aliye nyuma yake, gurudumu kwa gurudumu, anaokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Kwa hiyo timu huwa na kiongozi mmoja, na wengine wote kazi yao ni kumkinga. Wanamkatia upepo, wanarudi nyuma kumchukulia maji, wanawafukuza wanaochomoka. Kiongozi akipata pancha, msaidizi anashuka, anamvulia gurudumu lake mwenyewe, kisha anabaki pembeni mwa barabara akisubiri gari la timu wakati mbio zinampita. Anamaliza wa hamsini au wa sabini, na magazeti ya kesho yake hayamtaji.

Kiongozi wa Legnano mwaka ule alikuwa Gino Bartali, aliyekwisha kushinda Giro mbili na Tour de France moja, yaani mbio za kuizunguka Ufaransa. Mwanzoni kabisa mwa mashindano mbwa aliingia barabarani, Bartali akaanguka akaumia. Katika siku ya Florence kwenda Modena, kupitia mlima Abetone, Coppi akachomoka kwenye mvua na kuitwaa jezi ya waridi ya kiongozi. Sasa msaidizi amekuwa mkubwa na mkubwa amekuwa msaidizi. Wiki ya mwisho, milimani, kijana alizidiwa, akasimama, akataka kuacha. Bartali, aliyekuwa na kila sababu ya kumwacha ateketee, ndiye aliyemsubiri, akamfokea kwa maneno makali, akamsukuma mpaka akarudi barabarani. Coppi akashinda Giro, na hadi leo hajatokea mshindi wa mbio hizo aliye mdogo kwa umri kuliko yeye. Mashindano yalimalizika tarehe 9 Juni 1940. Kesho yake, tarehe 10, Mussolini akaiingiza Italia vitani.

Vita vilimnyang'anya miaka ya ujana wake. Novemba 1942, mji wa Milano ukiwa umeshapigwa mabomu, aliingia kwenye uwanja wa Vigorelli akaweka rekodi ya dunia ya umbali unaokwenda kwa saa moja, zaidi ya kilomita 45 na nusu, rekodi iliyodumu mpaka mwaka 1956 alipokuja Mfaransa Jacques Anquetil. Baada ya hapo akapelekwa Tunisia na bunduki begani. Aprili 1943 Waingereza wakamkamata, akaishi kambini kama mfungwa wa kivita. Afrika, basi, ilimpokea mara ya kwanza kama mateka.

Aliporudi alikuta nchi yake imebomoka. Machi 1946 ikafanyika Milano–San Remo, mbio za kwanza kubwa za amani, karibu kilomita 290. Coppi aliondoka na kikundi kidogo karibu tangu mwanzo, akawaacha mmoja mmoja, akalipita handaki la mlima Turchino, akaingia San Remo dakika 14 kabla ya wa pili. Inasimuliwa kwamba mtangazaji wa redio alitangaza ushindi wake kisha akasema kwamba, wakati wa kumsubiri mshindi wa pili, wasikilizaji watapigiwa muziki.

Sasa alikuwa kiongozi wa timu ya Bianchi, na Italia nzima ikagawanyika kati yake na Bartali. Hii ilikuwa zaidi ya ushabiki wa mpira tunaoujua. Bartali alikuwa Mkatoliki wa hadharani, mtu wa desturi; Coppi akaonekana mtu wa nyakati mpya. Familia zilibishana mezani. Lakini msiwachukulie kuwa maadui. Nani angejua wakati ule kwamba wakati wa vita Bartali alikuwa amebeba hati za bandia ndani ya fremu ya baiskeli yake ili Wayahudi waokoke? Mwenyewe alinyamaza nayo. Heshima rasmi ya Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilimfikia mwaka 2013, miaka 13 baada ya kufa. Huyo ndiye mtu aliyekuwa mpinzani wa Coppi. Ipo picha maarufu ya mwaka 1952, wawili hao wakipanda mlima kwenye Tour, chupa ya maji iko katikati ya mikono yao. Waitaliano wamebishana miaka yote nani alikuwa anampa mwenzake. Mimi hainisumbui aliyetoa. Chupa ilipita, basi.

Turudi kwenye ile siku ya Ferretti. Ilikuwa hatua ya Giro ya 1949, ambayo Coppi aliishinda, ya kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254, na milima mitano ya Alpi: Maddalena, Vars, Izoard, Monginevro na Sestriere. Barabara nyingi za kule juu hazikuwa na lami, ni changarawe na tope, na baridi ya kukata vidole. Coppi alichomoka kwenye mlima wa kwanza. Alikwenda peke yake kilomita 192. Jaribuni kuzipima kilomita hizo kwa barabara mnazozijua, kisha ongezeni milima minne. Alitumia zaidi ya saa tisa barabarani siku ile, na Bartali akafika wa pili baada ya dakika 11 na sekunde 52. Hakuna anayeweza kumpunguzia Coppi sifa ya siku ile, wala mimi sithubutu.

Lakini tazameni lililotokea wiki chache tu baadaye, katika Tour de France ya mwaka uleule, mbio zake za kwanza za Tour. Kwenye hatua ya kwenda Saint-Malo aligongana na Mfaransa Jacques Marinelli, aliyekuwa amevaa jezi ya njano ya kiongozi wa Tour, wakaanguka, na baiskeli ya Coppi ikaharibika kabisa. Gari la timu lililokuwa karibu halikuwa na baiskeli yake ya akiba. Akasusa. Akasimama barabarani, akasema anarudi nyumbani. Siku ile alipoteza dakika 18, akawa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya nusu saa. Yule mtu wa peke yake wa Cuneo–Pinerolo alikuwa amekwisha, kichwani zaidi kuliko miguuni. Aliyemtoa pale ni Alfredo Binda, meneja wa timu ya Italia, bingwa wa zamani aliyeshinda Giro tano. Binda alizungumza naye, wenzake wakazungumza naye, usiku ukapita, asubuhi akapanda baiskeli. Alifika Paris mshindi, karibu dakika 11 mbele ya Bartali, na akawa mtu wa kwanza duniani kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja.

Na njiani, kwenye hatua ya Briançon, tarehe 18 Julai, wawili hao walikuwa wamewaacha wote. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Bartali, anatimiza miaka 35. Coppi akamwachia ashinde.

Sasa nimrudie Serse. Alikuwa mdogo wake kwa miaka michache, wamefanana sura, lakini hawakufanana tabia. Fausto alikuwa mkimya, mwenye wasiwasi, mtu wa kuwaza sana usiku. Serse alikuwa mcheshi, mpenda watu. Kwa uwezo hakumfikia kaka yake, ingawa aliwahi kugawana na Mfaransa André Mahé ushindi wa Paris–Roubaix ya 1949, mbio kubwa ya siku moja huko Ufaransa. Kazi yake katika timu haikupimika kwa saa. Alikuwa ndiye anayemtuliza Fausto. Tarehe 29 Juni 1951, kwenye mbio za Piemonte, karibu na mwisho mjini Torino, gurudumu la Serse liliingia kwenye reli ya tramu, akaanguka. Aliinuka, akamaliza, akaenda hotelini kwa miguu yake. Baada ya muda kichwa kikamwuma, hali ikabadilika, na akafariki siku hiyohiyo. Damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo. Makocha, hili nawaambia ninyi moja kwa moja: kijana aliyepiga kichwa chini akasimama na kusema niko sawa, hajawa sawa mpaka atazamwe.

Fausto alitaka kuacha mbio kabisa. Katika Tour iliyoanza siku chache baadaye alionekana kama mtu asiyekuwapo. Kuna siku alibaki nyuma sana, wenzake wa Italia wakiwa wamemzunguka, wakimsindikiza ili tu asichelewe muda na kutolewa. Bartali naye alimpoteza mdogo wake, Giulio, katika mbio mwaka 1936. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mmoja angalau ndani ya kundi lile aliyejua hasa Coppi alikuwa anapitia nini, na mtu huyo alikuwa mpinzani wake.

Mwaka uliofuata, 1952, ndio mwaka wake mkubwa kuliko yote machoni pangu, na kisa ninachokipenda zaidi hakimhusu yeye mwenyewe. Kinamhusu Andrea Carrea, waliyemwita Sandrino. Carrea alikuwa amepitia kambi ya mateso ya Wanazi ya Buchenwald na kutoka hai. Baada ya vita akawa mmoja wa wasaidizi waaminifu wa Coppi, aliyepita mikononi mwa yuleyule Cavanna. Katika hatua ya kwenda Lausanne, kundi dogo lilichomoka, Carrea akaingia humo kufanya kazi yake, kulilinda kundi lisiende mbali bila jicho la Italia ndani yake. Kundi lile likaachiwa. Alipofika hakujua hesabu. Wakaja kumtafuta, wakamwambia: njoo jukwaani, jezi ya njano ni yako. Wewe ndiye kiongozi wa Tour de France.

Carrea alilia, na kilichomliza kilikuwa woga na aibu. Aliona amemkosea Coppi, amechukua kitu kisicho cha mtu kama yeye. Coppi alipofika, Carrea alimwendea machozi yakimtoka, akamwomba radhi kwamba hakuitaka jezi ile. Coppi akampongeza. Kesho yake mbio zikapanda Alpe d'Huez kwa mara ya kwanza katika historia ya Tour, Coppi akashinda kileleni, na jezi ya njano ikatoka kwa Carrea ikaenda kwake. Kila ninaposoma kisa hiki najiuliza ni wangapi wetu tungeweza kuivua bila kinyongo.

Tour ile Coppi aliishinda kwa dakika 28 na sekunde 17. Waandaaji waliona mashindano yamekufa mapema kiasi kwamba walizidisha zawadi ya nafasi ya pili mara mbili, ili wengine wapate sababu ya kushindana.

Mwaka 1953 nao una siku yake. Giro ilikuwa inakaribia mwisho na Mswisi Hugo Koblet alikuwa anaongoza. Ilibaki hatua ya Bolzano hadi Bormio, na mlima Stelvio, zaidi ya mita 2,700, uliokuwa unapandwa kwenye Giro kwa mara ya kwanza. Coppi alikuwa na miaka 33 na alikuwa ameshakata tamaa. Asubuhi ile msaidizi wake Ettore Milano alikwenda kumtazama Koblet usoni kwa karibu. Mswisi alikuwa amevaa miwani myeusi. Milano akamwomba aivue ili wapigwe picha pamoja, akaona macho: mekundu, yamechoka, ya mtu asiyelala. Akarudi kwa Coppi na habari hiyo. Kwenye Stelvio, kati ya kuta za theluji, Coppi akamwacha Koblet, akaichukua Giro yake ya tano kwa dakika moja na sekunde 29. Miezi mitatu baadaye akawa bingwa wa dunia huko Lugano, wa pili akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika 6.

Orodha ya ushindi wake mtaipata popote, sitawachosha nayo. Yapo mawili ambayo mtu mwaminifu hawezi kuyaruka.

La kwanza ni dawa. Coppi alizitumia, na alipoulizwa kwenye televisheni hakukana. Alisema wazi kwamba waendeshaji walikuwa wakitumia vichangamsho, na yeye pia. Wakati ule hapakuwa na kanuni iliyokataza. Hilo linaeleza, lakini halifanyi sumu iwe chakula, na siku hizi kanuni ipo. Vijana, sitaki mtu atoke hapa akisema hata Coppi alitumia.

La pili ni ndoa yake. Alimwacha mkewe, akaenda kuishi na Giulia Occhini, mke wa daktari, ambaye magazeti yalimwita Bibi Mweupe. Katika Italia ya miaka ile uzinzi ulikuwa kosa la jinai na talaka haikuwapo kisheria. Talaka ilikuja mwaka 1970. Polisi waliingia nyumbani usiku. Mwanamke alitiwa mahabusu, wote wawili wakashtakiwa na kuhukumiwa vifungo vilivyosimamishwa. Mtoto wao ilibidi azaliwe Argentina ili apate jina la baba yake. Kwa maoni yangu walioumia kuliko wote ni wanawake wawili na watoto, na nchi nzima iliwatazama kama tamthilia.

Miguu ilianza kupungua. Mwaka 1955 aliikosa Giro kwa sekunde 13 tu, nyuma ya Fiorenzo Magni. Hakuacha hata hivyo. Aliendelea kukubali mialiko ya mashindano madogo, na mmoja wa mialiko hiyo ulitoka Volta ya Juu, nchi tunayoiita leo Burkina Faso.

Desemba 1959 kiongozi wa nchi hiyo, Maurice Yaméogo, aliwaalika mabingwa kadhaa kutoka Ulaya: Coppi, Anquetil, Roger Rivière, Henry Anglade, Roger Hassenforder na Raphaël Géminiani. Walishindana na waendeshaji wa huko mjini Ouagadougou tarehe 13 Desemba, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walikuwa marafiki wa muda mrefu. Géminiani ni Mfaransa mwenye asili ya Italia. Walilala chumba kimoja, na Géminiani alisimulia baadaye kwamba chumba kilikuwa kimejaa mbu.

Ninyi mnaujua mwendo wa ugonjwa huu, lakini acheni niutaje, maana ndio ufunguo wa kisa chote. Mbu akishauma, vimelea huenda kujificha kwenye ini. Siku saba, kumi, hata kumi na nne, mgonjwa hana homa, anatembea, anakula, anapanda ndege anarudi kwao. Coppi alirudi Piemonte mzima kabisa. Siku chache kabla ya Mwaka Mpya akaanguka na homa kali. Wakati huohuo huko Ufaransa Géminiani naye akaanguka, akapoteza fahamu.

Huko Ufaransa walichukua damu yake, ikapelekwa Taasisi ya Pasteur, Paris. Jibu likaja: Plasmodium falciparum, ile malaria mbaya, ileile inayotawala hapa kwetu. Akapewa kwinini.

Huko Italia madaktari waliona mtu mwenye homa na kifua kimeziba, katikati ya majira ya baridi, wakasema ni mafua, kisha homa ya mapafu. Wakampa dawa za kifua. Familia ya Géminiani ilipiga simu Italia kueleza kwamba mwenzake ana malaria, kwamba wapime. Kwa jinsi Géminiani alivyosimulia, waliambiwa wamtunze mgonjwa wao, na Italia itamtunza wake.

Linalonichoma zaidi ni jiografia. Coppi alilazwa hospitali ya Tortona. Mji wa Pavia hauko mbali na hapo, na ni Pavia ambako Camillo Golgi, miaka ya 1880, aliueleza uhusiano wa vipindi vya homa ya malaria na vimelea vinavyozaliana ndani ya damu. Ni Mwitaliano, Giovanni Battista Grassi, aliyeonyesha mwaka 1898 kwamba malaria ya binadamu huletwa na mbu aina ya anofelesi. Italia yenyewe ilikuwa imezika watu wengi kwa ugonjwa huo, na ilitangazwa kuwa huru nao mwaka 1970, yaani miaka kumi baada ya Coppi kufa. Elimu yote ilikuwa pale. Kilichohitajika ni tone la damu kwenye kioo, hadubini, na mtu wa kuamini simu. Muuguzi wa zahanati yoyote ya kijijini kwetu, akiletewa mgonjwa wa namna ile, swali lake la pili au la tatu lingekuwa: umesafiri wapi hivi karibuni?

Coppi alifariki asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960. Miaka mingi baadaye yalizuka madai kwamba alilishwa sumu huko Afrika; wapelelezi wa Italia wakayachunguza na kuyatupa. Nayataja kwa sababu bado yanasambazwa, na kwa sababu yanawasingizia watu waliompokea vizuri. Amezikwa Castellania, pamoja na Serse, na tangu mwaka 2019 kijiji chenyewe kinaitwa rasmi Castellania Coppi. Kilele cha juu kuliko vyote katika kila Giro huitwa Cima Coppi, na anayekifika wa kwanza hupewa zawadi. Burkina Faso, kwa upande wake, ilianzisha mbio zake za Tour du Faso mwaka 1987, na ni miongoni mwa mbio zinazoheshimika barani kwetu.

Na Géminiani alipona. Alirudi kwenye mchezo akiwa meneja, akamwongoza Anquetil kushinda Tour. Wawili hao walilala chumba kimoja, wakaumwa na mbu walewale, wakaugua wiki ileile. Mmoja alipimwa damu. Huyo alifariki Julai 2024, akiwa na miaka 99.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshainuka kule nyuma, tuanze na maswali ya vijana.